Ipe Neva Nafasi: Mwongozo wa Kulinda Mishipa ya Fahamu kwa Watu wa Kazi wa Newala na Masasi

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hivi, kazi kubwa katika mashamba ya Newala hufanyika karibu na ardhi. Korosho huanguka pamoja na bibo lake. Muokotaji huchuchumaa, huokota, husokota korosho mpaka iachane na bibo, huitupia ndooni, kisha husogea mbele bila kusimama. Hukaa hivyo tangu umande haujakauka mpaka saa tano ya jua kali. Akiinuka, mguu mmoja umekufa ganzi na unyayo unapiga chini kwa kishindo. Hujinyoosha, hujikung'uta, huendelea na mkorosho unaofuata.

Mara nyingi ganzi hiyo huisha yenyewe. Lakini wapo ambao haiishi: ncha ya mguu inaburuta wiki nzima, mwezi, miezi, na mtu anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza kinachotokea ndani ya mguu huo, na ndani ya mkono wa mbanguaji, wa mchongaji na wa dereva wa bodaboda, ili uzuie kabla hakijaharibika kitu. Shika jambo moja tangu mwanzo: mara nyingi neva haiumizwi na uzito wa kazi, bali na mkao mmoja uliodumu kuliko inavyoweza kustahimili. Mkao unaweza kuubadilisha wewe mwenyewe, bila gharama.

Neva inasogea

Neva, au mshipa wa fahamu, ni fungu la nyuzi nyembamba mno zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli na ngozi. Nyuzi hizo hupeleka amri ya kusogea na kurudisha habari za kuguswa, joto na maumivu. Fungu zima limefunikwa kwa utando, na ndani ya utando mna mishipa midogo ya damu. Neva hula damu muda wote. Ikikosa damu, huacha kupeleka habari. Ganzi ya mguu uliochuchumaa ni neva iliyonyimwa damu.

Wengi hawajui kwamba neva haikai palepale. Ukikunja kiwiko na kifundo cha mkono, kisha ukavinyoosha vyote viwili, njia ambayo neva ya katikati ya mkono hupita hurefuka kwa karibu asilimia 20. Neva haina budi kuifuata. Kwanza hujinyoosha pale ilipolegea, kisha huteleza kati ya misuli, na mwisho huvutika kidogo. Tazama waya wa breki ya baiskeli ndani ya ganda lake: breki inashika kwa sababu waya unateleza. Ganda likibonyea mahali pamoja au likiingia kutu, waya hukwama hapo, na kila ukivuta breki nyuzi zake hukatika moja moja.

Kwa hiyo neva yenye afya inahitaji vitu vitatu: nafasi ya kupita, uhuru wa kuteleza, na damu. Karibu kila jeraha utakalolisoma hapa chini limenyima neva kimojawapo.

Inavyoumia

Njia ya kwanza ni kubanwa. Kwenye kifundo cha mkono, chini ya kiganja, kuna upenyo mwembamba ambamo neva moja hupita pamoja na kano tisa za vidole. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Richard Gelberman, na wenzake walipima shinikizo ndani ya upenyo huo. Kwa watu wazima wa afya lilikuwa kama milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa wa ganzi ya kiganja lilikuwa 32. Wagonjwa hao walipokunja kifundo lilipanda mpaka zaidi ya 90. Shinikizo la milimita 20 hadi 30 tu linatosha kuanza kuzuia damu ya neva. Kifundo kilichokunjwa kikiwa kimeshika kitu kwa nguvu ni hatari hata kama kazi yenyewe ni nyepesi.

Njia ya pili ni kuvutwa. Mwaka 1973, Göran Lundborg na Björn Rydevik wa Sweden walivuta neva za miguu ya sungura na kutazama damu ndani yake kwa hadubini. Neva iliporefuka kwa asilimia 8 hivi, damu ilianza kupungua mwendo. Kwenye asilimia 15 ilisimama kabisa. Kuvutwa kwa sekunde chache si kitu. Kuvutwa na kubaki umevutwa ndiko kunakodhuru.

Njia ya tatu ni kukatwa au kuchanwa: panga, chupa, mfupa uliovunjika, ajali ya pikipiki.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa Uingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha haya katika daraja tatu, na mwaka 1943 alichapisha mgawanyo ambao hospitali zinautumia hadi leo. Daraja la kwanza, nyuzi ni nzima ila zimezimika. Hupona kwa siku au wiki chache. La pili, nyuzi zimekatika ndani lakini utando umebaki. Nyuzi huota upya taratibu. La tatu, neva yote imekatika, na haitapona bila kushonwa na daktari wa upasuaji.

Kazi yako na neva yako

*Muokota korosho.* Neva inayoinua unyayo huzunguka upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, ikilala juu ya mfupa na kufunikwa na ngozi tu. Ipapase: utagusa kifundo cha mfupa upande wa nje. Ukichuchumaa, neva hiyo hubanwa na kuvutwa kwa pamoja. Usichuchumae zaidi ya robo saa mfululizo. Simama, tembea hatua ishirini, ukanyage kwa visigino. Palilia na ufagie chini ya mikorosho mapema, kisha kusanya korosho kwa reki au fagio mpaka ziwe chungu, uketi kwenye kigoda au ndoo iliyopinduliwa ndipo uzitenganishe na mabibo. Ukipiga goti, badilisha magoti. Na usivuke mguu juu ya mguu unapopumzika, kwa sababu unabana neva ileile.

*Mbanguaji.* Mkono mmoja umeshika korosho, mwingine unapiga au kukandamiza, mara elfu kwa siku. Tazama vifundo vyako ukiwa kazini: kama kiganja kimekunjwa kuelekea mkononi, inua meza au shusha kiti mpaka kiganja na mkono vinyooke mstari mmoja. Mpini mwembamba unalazimisha kushika kwa nguvu. Uzungushie mpira wa tairi uwe mnene. Acha kazi dakika mbili kila nusu saa, fungua na kufumba vidole. Wanaobangua kwa ujira wa kilo hukosa moyo wa kupumzika, lakini mkono uliokufa ganzi hudondosha korosho na hupunguza ujira huohuo.

*Mpulizaji wa salfa.* Kuanzia Juni, alfajiri, mashine ya mgongoni hupita chini ya mikorosho kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga. Mashine hiyo ina zaidi ya kilo kumi kabla hujaijaza salfa. Mikanda yake hukandamiza neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi, zinazopita kati ya mfupa wa mtulinga na mbavu. Dalili ni mkono kuwa mzito, ganzi, au bapa la bega kutokeza nyuma. Panua mikanda, iwekee kitambaa kinene, ifunge ikae juu ya misuli na si shingoni. Itue mashine kila unapojaza, hata kama kuitwika tena ni usumbufu.

*Mama wa ndoo.* Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Maji ya mradi wa Makonde husukumwa kutoka chanzo cha Mitema, bondeni, na mabomba yakikauka ndoo ya lita 20 hurudi kichwani. Hizo ni kilo 20 zinazokandamiza shingo. Shingo iliyonyooka huzibeba vizuri. Hatari iko wakati wa kutwika na kutua, shingo inapopinda. Kwa hiyo twishaneni: mmoja asijitwishe ndoo peke yake. Tumia kata nene, na usigeuze kichwa kumtazama mtu ukiwa na mzigo. Geuka mwili mzima.

*Mchongaji.* Mpingo ni mgumu, na wachongaji wengi hukaa chini wakibana gogo kwa miguu. Badilisha mkao wa miguu kila mara. Usisukume patasi kwa kitako cha kiganja: neva ya kidole kidogo inapita hapo karibu na ngozi, na mapigo ya kila siku huizima taratibu. Tumia nyundo ya mti. Usiegemeze kiwiko juu ya gogo, maana nyuma ya kiwiko neva hiyohiyo imelala juu ya mfupa.

*Bodaboda.* Mtikisiko wa usukani hubana neva ya kidole kidogo pale kiganjani. Zungushia mishikio sponji na ulegeze mshiko barabara inapokuwa nzuri. Hatari kubwa kuliko zote ni kuanguka kwa bega huku kichwa kikielekea upande wa pili: neva za mkono huvutwa kwa ghafla na zinaweza kung'oka kwenye uti wa mgongo. Mkimwinua majeruhi, mshikeni kiwiliwili. Msimvute mkono.

*Aliyelala vibaya.* Msimu wa mabibo ni msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Mtu aliyelewa akilala mkono ukining'inia nyuma ya kiti, neva iliyozunguka mfupa wa juu wa mkono hubanwa usiku kucha naye hajigeuzi. Asubuhi kifundo kimelegea, hawezi kuinua kiganja. Ukimkuta ndugu yako amelala hivyo, mlaze vizuri kitandani.

Jipime

Jaribu haya yote kwa pande zote mbili na ulinganishe.

1. Ganzi iko vidole gani? Gumba, cha shahada na cha kati: neva imebanwa kwenye kifundo, na mara nyingi hukuamsha usiku ukikung'uta mkono. Kidole kidogo na nusu ya cha pete: tatizo liko kwenye kiwiko au kitako cha kiganja. Mgongo wa kiganja karibu na gumba: neva ya nyuma ya mkono wa juu.
2. Unganisha ncha za gumba na cha shahada ufanye duara, mwambie mtu avute kwa kidole chake. Je, duara linafunguka kirahisi upande mmoja?
3. Tanua vidole vyote, kisha vibane pamoja vikishika karatasi. Karatasi inachomoka?
4. Inua kiganja kama unayemzuia mtu njiani. Kinainuka?
5. Tembea hatua kumi kwa visigino. Unyayo mmoja unaanguka?

Ganzi peke yake inayokuja na kuondoka inakupa muda wa kurekebisha kazi. Udhaifu katika jaribio la 2 hadi la 5 unakutaka uende kituo cha afya wiki hiyohiyo.

Mazoezi ya kutelezesha

Neva iliyokasirika haitaki kuvutwa, inataka kuteleza. Siri ni kunyoosha upande mmoja huku ukilegeza upande wa pili, ili neva isogee bila kurefuka.

Kwa mkono: simama, kunja kiwiko na uinue kiganja kirudi nyuma. Kisha nyoosha kiwiko taratibu huku ukikiacha kiganja kishuke na kukunjika. Rudi ulikoanzia. Viungo viwili visinyooke kwa wakati mmoja.

Kwa mguu: kaa kwenye kiti. Nyoosha goti taratibu huku ukiinua uso kutazama juu; kunja goti huku ukiinamisha kichwa.

Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Unaweza kuhisi msisimko mdogo unaopotea mara moja. Msisimko ukibaki baada ya zoezi, punguza mwendo au acha siku mbili.

Kama ganzi ya kiganja inakuamsha, weka kipande cha boksi gumu chini ya kifundo na ukizungushie kanga ukiwa unalala, kifundo kikae sawa bila kukunjika. Fundo liwe legevu kiasi cha kupitisha vidole viwili.

Usifanye haya

Usichue kwa nguvu mahali penye ganzi, wala usichanje chale: ngozi isiyohisi hupata kidonda bila wewe kujua. Usikande kwa maji ya moto kwa sababu hiyohiyo.

Usifunge mfupa uliovunjika kwa banzi zilizokazwa. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, legeza saa hiyohiyo na uende hospitali, hata iwe usiku. Plasta ya hospitali ikibana hivyo, rudi ikatwe.

Usipokee sindano ya makalio kwa mtu asiyefundishwa. Neva kubwa ya mguu hupita sehemu ya ndani na ya chini ya kalio. Mahali salama ni robo ya juu upande wa nje. Sindano ikipeleka mchomo mkali hadi mguuni, sema hapohapo: "Nesi, umenigusa mshipa, tafadhali chomoa."

Si kila ganzi ni ya kubanwa

Ukoma bado upo kusini mwa Tanzania. Vimelea vyake hupenda neva zilizo karibu na ngozi, kama ya nyuma ya kiwiko na ya pembeni mwa goti. Neva huvimba, na hapo penye njia nyembamba hujibana yenyewe. Baka jeupe au jekundu lisilohisi mguso, au neva nene inayopapasika nyuma ya kiwiko, ni sababu ya kwenda kituo cha afya mara moja. Dawa hutolewa bure kwa miezi 6 au 12. Neva iliyovimba ikiwahiwa kwa dawa ya kutuliza uvimbe, kiganja kinaweza kuokolewa.

Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hutoa sumu ya sianidi. Mwaka 1988 watu wilayani Masasi walipata sumu kali kwa kula muhogo ulioandaliwa haraka wakati wa njaa. Mtu akila muhogo wa namna hiyo kwa wiki nyingi, na hana chakula cha protini, miguu yote miwili inaweza kupooza ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na hautibiki. Usifupishe siku za kuloweka au kukausha makopa. Unga wa wasiwasi uchanganye na maji, utandaze tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upike ugali siku hiyohiyo.

Ganzi ya nyayo zote mbili inayopanda taratibu huweza kuwa kisukari, VVU, ulevi wa muda mrefu, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Anayetumia dawa hiyo aulizie vitamini B6, wala asiache dozi.

Mama aliyepata uchungu wa muda mrefu akainuka na unyayo unaoburuta, neva zake zilibanwa na kichwa cha mtoto ndani ya nyonga. Hajarogwa. Apelekwe hospitali apimwe pia kama ana fistula.

Wakati wa kwenda, na safari ya kupona

Nenda siku hiyohiyo ukiona: jeraha la kukatwa lenye ganzi mbele yake; mkono au mguu uliolegea baada ya ajali; miguu yote miwili kudhoofika; ganzi ya sehemu za siri, au mkojo na choo kukuponyoka. Anzia kituo cha afya, au hospitali ya Mkomaindo ukiwa Masasi, hospitali ya wilaya ukiwa Newala, au hospitali ya Ndanda. Ukihitaji upasuaji wa neva, uliza rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Neva iliyokatika nyuzi huota kama milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye jeraha hadi kwenye msuli kukiwa na sentimita 30, ni karibu miezi kumi. Na msuli hausubiri milele: ukikaa bila neva mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hukauka kiasi kwamba neva ikifika haikuti msuli wa kuuamsha. Ndiyo maana kuchelewa miezi sita nyumbani, ukitafuta nani kakufanyia, ni hasara isiyolipika.

Katika miezi hiyo ya kungoja, kazi zako ni tatu. Nyoosha viungo kwa mkono mzima kila siku visigande. Kagua ngozi isiyohisi kila jioni, utafute malengelenge na majeraha, na uvae viatu shambani. Funga unyayo unaoanguka kwa mkanda wa kitambaa unaouinua, ili usijikwae. Dalili njema ni msisimko unaosikika ukigongagonga njia ya neva kwa kidole, ukisogea mbele mwezi hadi mwezi.

Kabla mikorosho haijaanza kudondosha, kaeni kama kaya mpange: nani ataleta vigoda, reki iko wapi, na kila baada ya muda gani wote watasimama kwa pamoja. Mtoto anayeokota pamoja nanyi afundishwe kusema mguu unapokufa ganzi, na akisema asiambiwe ni mvivu. Mahali ambapo riziki ya mwaka mzima hutoka kwenye vidole na miguu, kumsimamisha mtu dakika mbili ni sehemu ya kazi yenyewe.